Swichi Ambayo Hata Mgeni Ataiwasha: Kusanifu Vifaa Janja kwa Nyumba za Nairobi

Kabla hujachora ukurasa wowote wa programu ya simu ya kuendesha vifaa janja, yaani taa, swichi, pampu au kufuli zinazoamriwa kwa simu, omba ruhusa ya kuketi katika sebule ya watu, iwe ni ghorofani Umoja au South B, tangu saa kumi na moja jioni hadi watakapolala, ukiandika kila mara mkono unapogusa swichi, soketi, bomba au kufuli. Usiwaulize wanataka nini, tazama tu. Utagundua upesi kwamba aliyenunua kifaa ndiye anayekaa nyumbani muda mfupi kuliko wote, kwa kuwa mchana yuko kazini na jioni amekwama katika msongamano wa Barabara ya Thika, ilhali wanaokitumia ni dada wa kazi, watoto waliotoka shuleni, nyanya aliyekuja kutoka mashambani kwa ajili ya kliniki, na pengine fundi aliyeitwa kurekebisha sinki. Kifaa kinachotii simu moja tu kimewafungia nje watu hao wote, nao wamo ndani ya nyumba.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba kila kazi muhimu inayofanywa kwa simu iwezekane pia kwa mkono, mahali pale pale ambapo mkono umezoea kwenda. Mtoto akizima ukutani taa yenye balbu janja, balbu hukosa umeme, na simu ya mzazi huonyesha kwamba kifaa hakipatikani, ingawa hakuna kilichoharibika. Mimi hupendelea ujanja ukae kwenye swichi na balbu ibaki ya kawaida. Hata hivyo, fundi wa umeme afungue kwanza kisanduku cha swichi, kwa sababu nyumba zetu nyingi zimetandazwa nyaya kwa mtindo wa Uingereza, ambapo waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme, mara nyingi haufiki kwenye swichi, na baadhi ya swichi janja hazifanyi kazi bila waya huo.

Jambo linalostahili kufikiriwa zaidi kuliko yote ni umeme kupotea na kurudi. Nilipofunga balbu janja zangu za kwanza, umeme ulirudi saa tisa usiku na nyumba nzima ikawaka kama ukumbi wa arusi. Aliyezitengeneza alikuwa na sababu yake: mtu akizima na kuwasha swichi ukutani, hutarajia kuona mwanga. Sababu hiyo ni nzuri mahali ambapo umeme haupotei. Hapa, taa na irudi katika hali iliyokuwa nayo kabla ya umeme kukatika, lakini hita ya maji, pasi na vifaa vingine vya joto vibaki vimezimwa hadi mtu aviwashe mwenyewe, kwa maana hujui ni nani aliyeacha kitu juu ya nini gizani. Pampu ya maji inahitaji uangalifu wa pekee: ikiwashwa siku ambayo maji ya mgao hayajafika, itazunguka bila maji na kuungua, kwa hiyo ipime kwanza kama kuna maji, na isipoyapata ijizime na kusema kwa nini. Kumbuka pia kwamba ruta hupotea pamoja na umeme na huchelewa kuamka, hivyo kifaa kisitekeleze ratiba yoyote kabla ya kuwa na saa sahihi, na amri ya kuwasha taa isilazimike kusafiri hadi kompyuta ya ng'ambo na kurudi, kwani bando likiisha familia italala gizani ilhali umeme upo. Kiwango cha Matter, yaani lugha ya pamoja ya vifaa janja vya watengenezaji mbalimbali iliyotolewa mwaka wa 2022, kimejengwa juu ya mawasiliano ya ndani ya nyumba, na ni vyema kukitumia inapowezekana.

Kisha kuna saa zetu, ambazo vifaa vingi kutoka nje havizijui. Anayesema "washa taa saa moja" jioni anakusudia 19:00, wala si 01:00 au 13:00, na usiku wa kuamkia Jumatatu ni ule ambao kalenda ya simu bado inauita Jumapili. Andika saa kwa namna zote mbili, kwa mfano "saa moja jioni, 19:00", na kifaa kinachopokea sauti kirudie kilichosikia kabla ya kuhifadhi ratiba. Kwa taa za nje, chaguo la "jua likizama" huondoa tatizo lenyewe, maana jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima.

Kuhusu majibu ya kifaa, vipimo alivyovieleza Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, bado vinasaidia: jibu la ndani ya sekunde 0.1 huonekana la papo hapo, hadi sekunde 1 mawazo ya mtu hayakatiki, na baada ya sekunde 10 ameshageukia jambo lingine. Geti la umeme huweza kuhitaji muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo liseme "linafunguka", kisha "limefunguka", na lisiseme kamwe kwamba amri imetumwa, kwa kuwa aliye nje kwenye mvua hana haja na amri. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, watu wamezoea kungoja ujumbe wa uthibitisho kabla ya kuondoka dukani. Nao ujumbe huo haumwambii mtu kwamba ombi limepokelewa tu, bali kiasi gani kimekwenda kwa nani na salio ni lipi. Taa ndogo ya ishara isitegemee rangi peke yake, kwa sababu wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Iongezewe mlio au namna ya kupepesa.

Kamera ndani ya nyumba ionyeshe wazi inaporekodi, na dada wa kazi aambiwe ipo. Ukihifadhi picha za watu kwenye mitambo yako, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inakuhusu.

Unapofanya majaribio, mpe nyanya kifaa bila maelezo, kisha zima swichi kuu mara tatu na uone atafanya nini. Jaribu pia siku ya kuhama, kwa kuwa wengi wetu ni wapangaji: kitufe cha kufuta kila kitu kishikiliwe sekunde 10 ili mtoto asikiguse kwa bahati mbaya, na kikishafuta, simu ya mpangaji aliyeondoka ipoteze uwezo wa kufungua mlango dakika ile ile.