Oili ipi uitie kwenye mashine ya boti

Kabla ya kununua, hakikisha mashine yako ni ya mipigo miwili au minne.

Ile ya kuchanganya oili na petroli, yaani ya mipigo miwili, inataka oili yenye alama TC-W3. Oili ya pikipiki mimi siiweki humo hata mwenye boti akisisitiza: imetengenezewa injini inayopozwa na upepo, na majivu yake huganda kwenye plagi na pistoni. Kipimo cha kawaida ni 50:1, mililita 400 kwa lita 20 za petroli, ila fuata kitabu cha mashine, hasa ikiwa mpya.

Ya mipigo minne, tafuta oili yenye alama FC-W. Unene wa 10W-30 hufaa mashine nyingi. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiiwashe, tafuta kwanza yanapopitia.