Mwamba wa sakafu ya bahari ulipoteza nini ulipozama? Hesabu ya mizania kwa wanaopeleka sampuli maabara za Mwanza

Bamba la bahari likizama chini ya bamba jingine, basalti iliyolowa maji ya bahari hubanwa na kupashwa moto. Kloraiti, madini ambayo karibu asilimia 12 ya uzito wake ni maji, huvunjika. Mwisho wa safari yanabaki hasa madini ya ganeti na omfasiti (hii ina sodiamu), ambayo hayana maji kwenye muundo wake; mwamba wa namna hiyo huitwa eklojaiti. Maji yanayotoka hayaondoki mikono mitupu: yanabeba bariamu, rubidiamu, risasi na boroni. Titaniamu, naiobiamu na tantalamu hubaki nyuma, zimeshikwa na rutili, madini ya titaniamu.

Mwongozo huu ni wa kukokotoa kiasi kilichoondoka. Unafaa hasa kwa eklojaiti za mkanda wa Usagara, zenye umri wa karibu miaka milioni 2,000. Basalti za mikanda ya kijani (mikanda ya miamba ya kale ya volkano) ya upande wa Geita hazijafika hatua ya eklojaiti. Hesabu yake ni ileile, ila usiseme imethibitisha uzamaji. Majabali ya Mwanza mjini, Bismarck Rock likiwamo, ni graniti, hivyo yaache.

1. Sampuli

Kilo 2 za mwamba mzima. Kata kwa msumeno sehemu zote zenye kutu na mishipa ya kwatzi, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa.

2. Kusaga

Tumia kinu cha agati. Kinachukua muda, lakini kinachoacha kwenye unga ni silika kidogo tu. Kinu cha tungsteni kabaidi huongeza kobalti na tantalamu, na mara nyingine naiobiamu, na tantalamu na naiobiamu ni miongoni mwa zile zisizohama, unazotaka kuzitumia kama kipimo. Kinu cha chuma huongeza chuma na kromiamu.

3. Kuagiza kipimo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Maabara za kanda hii zimezoea sampuli za dhahabu, na ukiomba tu "elementi zote" utapewa kifurushi cha asidi nne, yaani unga huyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi nne. Asidi nne haziyeyushi zirkoni (madini yanayobeba zirkoniamu) yote, na rutili pia huwa ngumu kwake. Kwa hiyo zirkoniamu na titaniamu zinasomeka chini ya ukweli, na hesabu yote inapinduka.

Tazama: zirkoniamu haihami na maji, hivyo mwamba ukipoteza uzito, kiwango chake hupanda. Basalti ya kuanzia ina zirkoniamu ppm 74 (sehemu 74 kwa milioni), nayo eklojaiti yako kwa kweli ina 80. Gawa 74 kwa 80, unapata 0.925, maana yake mwamba umepoteza asilimia 7.5 ya uzito. Asidi ikiacha robo ya zirkoniamu, ripoti itasema 60. Gawa 74 kwa 60, unapata 1.23. Sasa mwamba unaonekana umeongezeka asilimia 23. Hakuna kitakachokushtua kwenye jedwali, maana namba zenyewe zinaonekana za kawaida.

Andika kwenye fomu, kwa maneno kamili: kuyeyusha kwa lithiamu borati, kisha ICP-MS (kipimo cha kutenga elementi kwa uzito wa atomi) kwa elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana, na XRF (kipimo cha eksirei) ya kidonge cha kioo kwa oksidi kuu. Usikubali kidonge cha unga uliobanwa kwa oksidi kuu. Bunduki ya XRF ya mkononi pia haitoshi, kwa sababu haisomi sodiamu, na bila sodiamu huwezi kuzungumzia omfasiti.

Njia hii ina mipaka miwili. Boroni na lithiamu haziwezi kupimwa kwayo kwa kuwa dawa ya kuyeyushia imetengenezwa kwa hizohizo. Ziombe kwa peroksidi ya sodiamu. Risasi nayo hupotea kwa joto la kuyeyushia, kwa hiyo hiyo peke yake ichukue kwenye asidi nne.

Kuhakiki: linganisha zirkoniamu ya XRF na ya ICP-MS. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, rudisha sampuli. Usitegemee uwiano wa zirkoniamu kwa hafniamu, kwa sababu zote mbili zimo ndani ya zirkoni na hupungua pamoja, uwiano ukabaki karibu 36 kana kwamba mambo ni salama. Wala usiridhike na sampuli ya rejea ya basalti kama BHVO-2. Hiyo huyeyuka vizuri hata kwa asidi. Ongeza sampuli ya rejea GSP-2, granodioraiti (mwamba wa jamii ya graniti) yenye zirkoni nyingi, ambayo zirkoniamu yake ni karibu ppm 550. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kama kazi imefanyika.

4. Upungufu wa uzito kwa kuchoma

Hii hukadiria maji yaliyobaki kwenye mwamba. Kausha unga kwa nyuzi 105, pima, choma kwa nyuzi 1,000 kwa saa moja, pima tena. Chuma hunyonya oksijeni wakati wa kuchoma: kila gramu 1 ya FeO huongeza gramu 0.11. Mwamba wenye FeO asilimia 9 unaweza kuficha hadi asilimia 1 ya maji. Eklojaiti nyingine hutoa jibu hasi. Si kosa la mizani. Omba FeO ipimwe kwa titresheni ndipo usahihishe.

5. Hesabu

Kwa kila elementi: zidisha kiasi cha sampuli kwa uwiano wa elementi isiyohama (kama ile 0.925), kisha toa kiasi cha mwamba wa kuanzia. Jibu hasi ni upotevu. Tafuta uwiano huo kwa zirkoniamu, kwa titaniamu na kwa naiobiamu. Uwiano wa zote tatu ukikaribiana, endelea. Mmoja ukijitenga, rudi hatua ya 2 na ya 3 kabla ya kulaumu mwamba.

6. Mwamba wa kuanzia

Usichukue basalti mbichi peke yake. Kabla ya kuzama, maji ya bahari yalikwisha kuingiza potasiamu, rubidiamu na uraniamu. Basalti mbichi ya matuta ya bahari ina uraniamu karibu ppm 0.05, iliyokaa ndani ya maji huwa nayo mara kadhaa zaidi. Ukianza na mbichi, upotevu wa kweli unafunikwa na nyongeza ya awali. Kokotoa mara mbili, kwa mbichi na kwa iliyobadilishwa na bahari, na uripoti majibu yote mawili kama mipaka ya chini na ya juu ya upotevu.