Kufunga Jiko la Gesi kwenye Boti kwa Usalama

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, na jambo hilo ndilo linaloamua kila kitu. Jikoni nyumbani, gesi inayovuja huweza kutokea mlangoni. Botini hushuka hadi ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kutuama humo, na cheche moja ya pampu ya maji inatosha kuilipua.

Kwa hiyo mtungi usikae ndani kamwe. Uweke juu ya sitaha, wima na umefungwa imara, au katika sanduku lisilopitisha gesi kuelekea ndani, lenye tundu chini kabisa linalotokeza nje ya boti, juu ya usawa wa maji. Regulata, kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, nayo ikae humo humo.

Kutoka hapo pitisha bomba moja la shaba lisilo na kiungo njiani, likazwe kwa vishikizo, na kila linapopenya ubao livishwe mpira ili mtikisiko usilikwangue. Mpira wa gesi utumike kwa kipande kifupi tu nyuma ya jiko. Jiko lenyewe lipigwe skrubu na liwe na kifaa kinachokata gesi moto unapozimika, kwani upepo wa baharini hauna adabu.

Fungua gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, uangalie mapovu yanayokua. Usijaribu kwa kiberiti. Kila mkimaliza kupika, fungeni gesi mtungini kwanza, mwali ufe wenyewe, ndipo mfunge jiko.