Somo: Kupunguza uzito kwa baiskeli na mzani wa jikoni (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Siku hizi nikipita Igoma, hapa Mwanza, asubuhi na baiskeli lazima kuna mtu atanisimamisha: "Kaka, umefanyaje?" Wengine wananifuata faragha usiku wa manane. Jibu ni lilelile na nimechoka kuliandika kwa kidole gumba, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Nilianza na kilo 97. Leo asubuhi nimesoma 81. Imenichukua miezi 11. Anayetafuta ya wiki mbili kabla ya harusi, hapa amepotea njia.

Mimi si daktari. Nauza vifaa vya ujenzi Nyakato, kutwa nimekalia kiti cha plastiki. Kama unatumia dawa za kisukari au presha, muone daktari wako kabla ya kuanza, maana mwili ukipungua huenda na dozi ikahitaji kubadilishwa.

HATUA YA 1. Baiskeli: yoyote yenye breki zinazokamata.

HATUA YA 2. Mzani wa jikoni wa dijitali unaosoma gramu mojamoja. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya keki.

HATUA YA 3. Jua mwili wako unatumia kalori ngapi. Chukua kilo zako zidisha kwa 10. Jumlisha urefu wako kwa sentimita mara 6.25. Toa umri wako mara 5. Mwanaume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Jibu lizidishe kwa 1.2 kama kutwa umekaa kama mimi. Kanuni hii inaitwa Mifflin-St Jeor, ni ya mwaka 1990. Yangu wakati ule, kilo 97, sentimita 172, miaka 43: 970 + 1,075 - 215 + 5 = 1,835, mara 1.2 ni 2,200 na kidogo. Nikatoa 500, nikabaki na 1,700 za kula kwa siku.

Kwa nini 500? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ukipunguza 500 kila siku, kwa wiki ni 3,500, chini kidogo ya nusu kilo. Ndiyo, nusu kilo. Nilishasema miezi 11.

HATUA YA 4. Pima chakula kikiwa kikavu. Unga wa mahindi gramu 100 ni kama kalori 360, mchele hivyo hivyo. Ukiupima wali ulioiva unapima na maji. Ugali wa familia nafanya hivi: unga gramu 500, yaani kalori 1,800. Ukiiva, sufuria yote juu ya mzani, natoa uzito wa sufuria. Tuseme ugali mtupu ni gramu 1,400. Sahani yangu gramu 400. Basi 400 gawanya kwa 1,400 mara 1,800, ni 514. Uzito wa masufuria nimeuandika kwa mkaa ukutani juu ya jiko: KUBWA 640, NDOGO 380. Mke wangu ameufuta mara moja tu.

Samaki pima na miba, ukimaliza kula pima miba, toa. Watoto watakucheka, waache. Nyama ya sato mbichi gramu 100 haifiki kalori 100 na ina protini kama gramu 20. Sisi wa kando ya ziwa tumebarikiwa kwa hili, halafu tunamtosa sato kwenye karai la mafuta mpaka anakauka kama kipande cha mbao.

HATUA YA 5. Mafuta. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, wanga na protini ni 4. Kijiko kimoja cha chakula ni kama 120. Sasa nani anapima kijiko? Mafuta yanamiminwa kwa jicho. Nilichofanya sikumsumbua mpishi: niliandika tarehe kwenye dumu la lita moja siku lilipofunguliwa. Liliisha siku ya tano. Lita moja ni zaidi ya kalori 8,000, sisi tuko watano. 8,000 gawanya kwa 25 ni 320 kwa kila mtu kwa siku, ambazo nilikuwa siziandiki popote. Sasa hivi dumu linakwenda siku tisa na hakuna aliyelalamika isipokuwa shemeji anapokuja.

HATUA YA 6. Baiskeli inaunguza kiasi gani. Programu ya simu iliniambia kalori 900 kwa safari ya saa moja. Uongo. Kwa mwendo wa kawaida, kilomita 16 hadi 19 kwa saa, mimi nachukua kilo zangu mara 5 kwa kila saa. Kwa kilo 97 ni 485. Katika hizo nakula nusu, nyingine naiacha ifanye kazi. Kalori 900 za kwenye simu ni soda mbili na chapati mbili, na ndivyo nilivyokuwa najizawadia pale Kisesa, nikirudi nyumbani mzito kuliko nilivyotoka.

HATUA YA 7. USIENDE MBALI NA NJAA. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole.

Mwezi wa pili nilijifanya mjanja. 1,700 nikazishusha hadi 1,200 ili nifike haraka. Ijumaa usiku nikala mayai mawili na kachumbari. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikatoka kuelekea Magu, tumboni chai ya rangi isiyo na sukari. Hadi Kisesa nilikuwa napepea. Mbele kidogo miguu ikaisha. Haikuuma, iliisha tu, kama taa umeme ukikatika. Jasho la baridi, mikono inatetemeka kwenye usukani. Lori likapiga honi nyuma yangu, na badala ya kulipisha nikalikasirikia, nikabaki katikati ya njia namtukana dereva ambaye hanisikii. Hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka, akili ilikuwa imeshaondoka kabla ya miguu. Nikashuka, nikakaa chini ya mwembe, kifuniko cha chupa ya maji kikanishinda kufungua. Mama mmoja mwenye beseni la matobolwa (viazi vitamu vikavu) akaniuliza kitu kwa Kisukuma, hakungoja jibu wala hela, akanijazia kiganja. Baada ya robo saa nikaanza kuona vizuri. Nyumbani nilirudi kwa Hiace, baiskeli imefungwa juu, konda akanitoza nauli ya watu wawili. Usiku huo nilikula kila nilichokuta jikoni, nikala na cha watoto cha asubuhi. Wiki ile sikupungua hata robo kilo.

Sababu yake: mtu mzima anahifadhi wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500 hivi ukiwa umekula vizuri. Mimi nilitoka ghala likiwa nusu. Kwa hiyo:

– Safari ya saa moja, hata bila kula sawa. Ikizidi saa moja na nusu, beba gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi kubwa mbivu ina kama 30. Soda ya kawaida kama 37, na hapo ndipo mahali pekee soda ina kazi.
– Ukianza kutetemeka, SHUKA. Usimalizie kilomita mbili zilizobaki.
– Usijikate zaidi ya 500 kwa siku ukiwa unaendesha. Najua utanibishia. Na mimi nilibisha.
– Mwenye sindano au vidonge vya kushusha sukari, hatua hii kwako ni ya hatari zaidi kuliko kwangu. Daktari kwanza.

HATUA YA 8. Jipime kila asubuhi ukitoka msalani, kabla ya kula. Andika, lakini tazama wastani wa wiki, usitazame siku moja. Wiki ya kwanza utapungua hata kilo mbili tatu, hayo ni maji: kila gramu ya wanga uliohifadhiwa inashikilia kama gramu 3 za maji. Usishangilie. Na ukila dagaa wa chumvi Jumapili, Jumatatu mzani ukapanda, usilie.

Maswali karibuni.

*

Kijana wa Mkuyuni: Mkuu somo refu sana. Kwa kifupi nile nini?

Mleta somo: Hatua ya 4.

Kijana wa Mkuyuni: Sina mzani sasa.

Mleta somo: Hatua ya 2.

Ngosha Mtata: Babu zetu hawakuhesabu kalori, walipiga ugali mlima mzima na hawakuwa na vitambi. Haya mambo ni ya kizungu.

Mleta somo: Babu yako alilima pamba kwa jembe la mkono tangu alfajiri. Wewe unapanda bodaboda kwenda kununua vocha. Shika jembe kwanza, ugali uje baadaye.

Ngosha Mtata: Basi usipaniki mkuu, nimeuliza tu.

Mleta somo: Hukuuliza, umetamka. Lakini yaishe.

mama_wawili: Kaka asante kwa somo. Mimi nanyonyesha, mtoto ana miezi minne. Naweza kutoa hiyo 500?

Mleta somo: Dada yangu, usitoe, na ninakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuanza. Kunyonyesha kwenyewe kunakula kalori nyingi kila siku na kanuni yangu ya hatua ya 3 haijaihesabu kabisa. Ukienda kliniki na mtoto, muulize muuguzi. Kwa sasa ukitaka kufanya kitu kimoja tu, fanya ile ya dumu la mafuta, inasaidia nyumba nzima na haikupunguzii chakula.

mama_wawili: Nimeandika tarehe kwenye dumu leo. Mume wangu anauliza kama naanza kufanya biashara.

Pasiansi Boy: Bia je?

Mleta somo: Kilevi ni kalori 7 kwa gramu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ni kama 200. Nne ni 800. Mishkaki ya kusindikizia hujaihesabu.

Pasiansi Boy: Ile isiyo na sukari?

Mleta somo: Soma jibu tena. Nimetaja sukari mahali?

Mzee wa Usagara: Kijana, nina Phoenix ya mwaka 1989, haina gia, chuma kitupu. Nina miaka 61. Itanifaa, au nitafute hizo nyembamba zenu?

Mleta somo: Shikamoo mzee. Inakufaa sana. Mwili haujui bei ya baiskeli, unajua kazi tu, na Phoenix inakupa kazi ya kutosha. Mambo mawili. Moja, kwenye kilima shuka usukume, hakuna aibu, kusukuma nako ni mazoezi na magoti yako yatakushukuru. Mbili, urefu wa siti. Wengi wetu tunaiweka chini ili miguu ifike ardhini, ndiyo maana magoti yanauma. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukishaendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kwa umri wako pima na presha kabla ya wiki ya kwanza.

Mzee wa Usagara: Marahaba. Nimepandisha siti vidole vinne. Kumbe miaka yote hii nilikuwa naendesha kama chura.

Binti Kiseke: Nimefuata kila kitu wiki tisa, kutoka 84 hadi 79, halafu wiki tatu haisogei. Napima hadi kitunguu. Nimekosea wapi?

Mleta somo: Hili ndilo swali. Kwanza rudia hatua ya 3 kwa uzito mpya: kilo 5 mara 10 mara 1.2, mwili wako sasa unatumia kalori 60 pungufu kwa siku, na saa ya baiskeli nayo imeshuka kwa 25. Ndogo, lakini zinakula 500 yako pole pole. Pili, andika wikiendi. Mimi nilipokwama kwenye 88 niligundua Jumatatu hadi Ijumaa daftari limejaa, Jumamosi na Jumapili ni jeupe. Tatu, kwa mwanamke maji ya mwezi yanaweza kuficha kilo moja au zaidi, kwa hiyo linganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita, usilinganishe na wiki jana. Kitunguu achana nacho, hakijawahi kumnenepesha mtu.

Binti Kiseke: Nimefungua daftari. Jumapili zote jeupe. 🙈

Msafiri wa Kamanga: Nje ya mada kidogo, hayo matobolwa yana kalori ngapi? Na tofauti yake na michembe ni nini, mimi ni wa kuja.

Mleta somo: Karibu ziwani. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, vinapikwa baadaye, vitamu sana na karanga. Matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vinaanikwa, unatafuna hivyo hivyo. Maji yameshaondoka, kwa hiyo gramu 100 inapita kalori 300. Kwenye kiti cha ofisini ni mtego. Mfukoni ukiwa barabarani sijaona kitu bora: hayaozi, hayabondeki kama ndizi, na ukianguka nayo bado ni matobolwa.

Msafiri wa Kamanga: Na upepo? Nikirudi jioni kutoka Igoma kwenda mjini naona kama nasukuma ukuta.

Mleta somo: Mchana nchi kavu ikipata joto upepo unatoka ziwani kuja juu, jioni unaukuta usoni. Alfajiri mara nyingi unageuka, unatoka bara kwenda ziwani. Nenda Kisesa asubuhi: unaumia wakati wa kwenda, unasukumwa wakati wa kurudi.

Fundi Buzuruga: Nyongeza kwa wanaokwenda njia za vumbi, miba inawamaliza. Chukueni tyubu iliyokufa, ikateni kwa urefu, ilazeni ndani ya tairi chini ya tyubu nzima.

Mleta somo: Fundi, hiyo inaongeza uzito wa gurudumu.

Fundi Buzuruga: Si mnataka kuunguza kalori?

Mleta somo: Umenipata. Kesho naleta zote mbili.