Kabla hujaanzishiwa uchungu, uliza njia ikoje

Ukiambiwa kliniki mama wiki 41 zimetimia njoo Jumatatu tukuanzishie uchungu, wengi tunauliza hapohapo, je nitazaa kawaida au nitapasuliwa? Uliza kwanza njia yangu, yaani mlango wa kizazi, leo ikoje, maana jibu la hapo ndo linabeba mengi.

Mkunga akikupima kwa vile vidole viwili haangalii sentimita peke yake. Kuna alama za Bishop, za daktari wa Marekani tangu 1964, zinaangalia vitu vitano: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, umekuwa mfupi kiasi gani, bado mgumu kama ncha ya pua au umelainika kama mdomo, umeelekea nyuma au umekuja mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Kila kimoja kinapewa alama zake, zote zikijumlishwa mwisho ni 13. Ukipata 8 kwenda juu, nafasi yako ya kuzaa kawaida inakaribiana na ya yule ambaye uchungu umemjia wenyewe. Ukiwa na 6 kushuka chini mlango bado haujawa tayari, sio kwamba imeshindikana, ila ulainishwe kwanza kabla ya dripu ya kuleta uchungu na hapo ndo siku zinapoenda.

Mdogo wangu mimba ya kwanza aliingia Jumatatu asubuhi njia imefunga kabisa na hakuna aliyetuambia hiyo maana yake nini, akawekewa puto la kufungua njia, ule mpira wa katheta unajazwa maji halafu mkia wake unabandikwa na plasta pajani, likatoka lenyewe Jumanne mchana tukashangilia kumbe njia ndo kwanza sentimita tatu na uchungu wenyewe bado. Jioni ndugu wanapiga simu mbona hamumpasui. Alizaa Jumatano alfajiri, kawaida. Kwa hiyo waambie wa nyumbani mapema kwamba inaweza kuchukua siku mbili. Kama wewe na mtoto mko salama, dripu inapewa masaa 12 mpaka 18 baada ya chupa kupasuliwa ndo waseme imegoma.

Kama ulishawahi kuzaa kawaida moyo utulie, hiyo inasaidia kuliko karibu kila kitu. Uzao wa kwanza, mwili mkubwa au mtoto mkubwa vinapunguza nafasi, ila havifungi mlango.

Tarehe pia. Nenda na kadi na ile ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza, sio ya juzi, maana ya mwishoni inaweza kukosea hata wiki tatu na wiki zikihesabiwa vibaya unaanzishiwa wakati mwili na mtoto hawajafika.

Una kovu la operesheni kwenye kizazi? Sema kwa mdomo wako hata kama limeandikwa, misoprostoli, kile kidonge cha kuanzishia uchungu, haitakiwi kwa mwenye kovu, kizazi kinaweza kuchanika. Na usithubutu kuinunua duka la dawa ukameza nyumbani jamani, kidonge kimoja ni maikrogramu 200 na hospitali wanakupa 25 kwa wakati mmoja, wakati mwingine wanakiyeyusha kwenye maji ili wapate hicho kidogo. Mizizi na chai za uchungu ulizoletewa na bibi mwambie nesi kama umekunywa, hakuna atakayekucheka, ila dawa mbili zikikutana uchungu unakuja bila kupumzika na mtoto anakosa hewa.

Kingine, ulizia kabisa kama hapo kuna chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, damu ya kundi lako ipo, na bima inalipia nini ikigeuka operesheni. Beba khanga za kutosha, uji kwenye chupa ya chai, na mtu mmoja wa kukaa na wewe ambaye hana papara.

Ukishaanza, muite nesi hapohapo kama uchungu unakuja zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi au hauachii, kama damu inatoka nyingi, au mtoto ametulia kuliko kawaida yake. Usingoje zamu ibadilike.