Namna ya Kulipeleka Kundi Kwenye Michoro ya Miambani ya Kondoa: Mwongozo kwa Waandaaji wa Safari wa Tabora

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa Urambo, ambaye alikuwa akiandaa kwa mara ya kwanza safari ya kundi la watu wazima, wengi wao walimu na wastaafu, kwenda kuiona michoro ya miambani ya Kondoa. Maswali yake yalikuwa yaleyale ninayoulizwa na viongozi wengi wa vikundi hapa Tabora, na karibu yote yalihusu basi na malazi. Hayo ni mambo mepesi. Ugumu wa safari hii uko kwenye kilometa chache za mwisho, kutoka kijiji cha Kolo hadi chini ya mlima, na kwenye muda mfupi ambao kila mtu atasimama mbele ya mwamba. Huko ndiko nitakakokaa kwa kirefu.

Hatua ya kwanza: Waandae watu kabla ya kuandaa gari

Itisha kikao kimoja, wiki chache kabla ya safari, uwaeleze wenzako wanachokwenda kuona. Eneo la urithi la Kondoa lina ukubwa wa kilometa za mraba 2,336 katika miteremko ya mashariki ya ukingo unaopakana na Bonde la Ufa, na lina zaidi ya vibanda 150 vya miamba vyenye michoro. Lilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa mwaka 1937 na likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Sisitiza kwamba mengi ya yale tunayoyaita mapango si mashimo ya giza bali ni miamba mikubwa iliyojiinamia mbele, ikaacha ukuta uliokingwa dhidi ya mvua na jua. Kundi lako halitaona vibanda 150. Litaona vitatu vya Mungomi wa Kolo, mlima ulio karibu na kijiji cha Kolo, na kwa mtu anayetazama vizuri hivyo vinatosha kabisa.

Waeleze pia tofauti ya rangi, kwa sababu bila hilo watu hutazama ukuta na kuona madoa tu. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, nayo ilichorwa na jamii za wawindaji: watu warefu wembamba, wengine wenye vichwa vikubwa vya mistari mistari, na wanyama kama twiga, tembo na pofu. Michoro myeupe, ambayo mistari yake ni minene na ya haraka, ni ya baadaye na inahusishwa na wakulima na wafugaji. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kunakili michoro hii mwaka 1951, na nakala zake zimekuwa na thamani kubwa, maana baadhi ya picha zimefifia tangu wakati huo. Katika kibanda cha Kisese, ndani ya eneo hilihili, zimechimbuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Jambo hilo moja likielezwa vizuri, huwanyamazisha hata wale waliokuja kwa ajili ya matembezi.

Napendelea sana kundi lifanye safari ya mazoezi Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, kwenye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Si kwa sababu historia hizo mbili zinafanana, bali kwa sababu pale utawatambua wanaotembea polepole, wasiosikia vizuri na wale wanaogusa kila kitu. Andika majina yao, kwa kuwa utayahitaji katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: Chagua msimu

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Kondoa, kama za kwetu, huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na zikishaanza hakuna dereva awezaye kukuahidi jambo lolote kuhusu makorongo.

Hatua ya tatu: Fika Kondoa

Ziko njia mbili za barabara: ya Itigi, Manyoni na Dodoma, na ile ya Nzega, Singida, Katesh na Babati, ambayo huingia Kolo kutokea kaskazini. Mimi hushika ya Manyoni. Dodoma ina hospitali kubwa, mafundi na benki, na kutoka hapo hadi Kondoa ni lami. Wanaopenda treni wanaweza kushukia Dodoma na kukodi basi dogo hapo, ila ratiba ya treni huwalazimu kupanga siku zote kwa kuifuata. Laleni Kondoa mjini, wala msijaribu kufika Kolo siku hiyohiyo mliyoondoka Tabora.

Hatua ya nne: Gari la kutoka Kolo hadi chini ya mlima

Kijiji cha Kolo kiko kando ya barabara kuu ya Kondoa kwenda Babati, na Coaster yenu itafika hapo bila shida. Basi na libaki hapo. Kutoka Kolo hadi chini ya mlima wa Mungomi ni takriban kilometa kumi za njia ya udongo na mawe inayokatiza mito ya mchanga, na nimeona mabasi madogo yakivunjika vyuma vya chini kwa sababu kiongozi alitaka kuokoa fedha za gari la pili.

Ni vizuri kuelewa kwa nini ardhi ile iko hivyo. Milima ya Kondoa ilimomonyoka vibaya kwa miongo mingi, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu iliyoathirika zaidi ili majani na miti irudi. Miti imerudi kwa kiasi kikubwa, lakini makorongo yamebaki, na mchanga ulioshuka kutoka milimani umelala katika mito ambayo kwa miezi mingi haina maji. Mchanga huo unaonekana mgumu kwa juu. Gari zito lenye watu wanane hugundua ukweli likiwa katikati.

Kwa hiyo kodi mapema, Kondoa mjini, magari mawili yenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Mimi sikubali chochote isipokuwa Land Cruiser au gari la aina hiyo lenye mwili mrefu. Magari madogo ya kifahari yenye alama ya magurudumu manne nyuma hayana kimo cha kutosha kuvuka mawe. Maneno ya mwenye gari hayatoshi hata kidogo. Kundi moja nililoongoza lilikaa kwenye mchanga tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka, kwa sababu gari la pili, ambalo mwenyewe aliapa kuwa ni la magurudumu manne, lilikuwa limefunguliwa propela shafti ya mbele, chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, siku nyingi zilizopita ili kupunguza ulaji wa mafuta. Dereva mwenyewe, kijana aliyepewa gari asubuhi ileile, hakuwa na habari. Wazee walikaa juani, maji yakapungua, na tulipofika mlimani mwongozaji akatuambia kwa haki kabisa kwamba muda wa kupanda umepita.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sikubali kuupunguza. Jioni ya kuamkia safari, omba magari yote mawili yaletwe mahali mlipolala, na mwambie kila dereva aingie mchangani, pembeni mwa mto wowote mkavu ulio karibu, afunge vifungio vya magurudumu ya mbele, aingize gia ya nguvu na kuondoka taratibu. Simama pembeni utazame magurudumu ya mbele. Yakivuta, utayaona yakirusha mchanga. Yakiwa yanasukumwa tu, yatachora mstari ulionyooka bila kurusha chochote. Anayekataa jaribio hilo, hata akikupunguzia bei, mwache. Kisha kagua tairi la akiba, jeki, chepe, vipande viwili vya mbao nene vya kuweka chini ya jeki ili isizame, kamba ya kuvutia na pampu ya upepo. Pampu ni ya lazima, kwa sababu dereva mzoefu hupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani na ni lazima aujaze tena kabla ya kurudi kwenye mawe na lami. Asiye na pampu hatakubali kupunguza, na asipopunguza mtasukuma gari.

Muulize dereva swali moja zaidi: mara ya mwisho alipita njia hiyo lini? Jibu linalofaa ni la baada ya mvua zilizopita. Mto wa mchanga hubadilisha kingo zake kila msimu, na mahali palipovukika mwaka jana panaweza kuwa ukuta wa udongo mwaka huu. Kama jibu ni la mwaka jana, ongeza kijana wa Kolo anayeifahamu njia, mlipe, akae mbele na dereva.

Bei mpatane kwa siku nzima na kwa gari, si kwa kichwa wala kwa safari, na myaandike. Ukipatana kwa safari, dereva atakimbia ili amalize mapema; ukipatana kwa kichwa, atajaza. Mafuta yawe juu ya mwenye gari, na yawekwe jioni ileile ya jaribio.

Sasa chukua yale majina ya Kwihara. Waandaaji wengi huwapeleka vijana kwanza wakidhani wataandaa mambo, na wazee huwa wa mwisho. Mimi hufanya kinyume. Wanaotembea polepole wapande gari la kwanza, saa moja asubuhi, ili waanze kupanda mlima kukiwa na ubaridi na wapate muda wa kupumzika njiani. Lakini usiwaweke wote pamoja bila mtu mwenye nguvu: kila gari liwe na walau watu wawili wanaoweza kusukuma gari na kumshika mtu mkono. Wanaosubiri wabaki Kolo chini ya kivuli, wakiwa na maji yao na orodha ya majina, na wapewe saa kamili ambayo, gari lisiporudi, wao watatuma mtu. Msitegemee simu kwa jambo hilo.

Hatua ya tano: Ofisi ya mambo ya kale, Kolo

Jiandikisheni, lipeni kiingilio kwa namba ya kumbukumbu ya malipo mtakayopewa, na mchukue mwongozaji. Hakuna kundi linalopaswa kupanda bila yeye, hata kama kiongozi wake ameshafika mara nyingi.

Hatua ya sita: Kupanda na kutazama

Mlima ni mkali lakini si mrefu. Viatu viwe vya kufunga, na kila mtu abebe lita mbili za maji mwenyewe. Sisi watu wa Tabora tunawafahamu nyuki vizuri, basi tukumbuke kwamba wanapenda mianya ya miamba: pasiwe na marashi, pasiwe na moshi, na mtu asirushe jiwe lolote juu.

Gawa kundi katika mafungu ya watu sita au saba. Watu ishirini wakisimama pamoja chini ya mwamba mmoja, wa mbele hulazimika kuusogelea ukuta, mkoba ukasugua, mkono ukashika, na rangi iliyokaa pale tangu enzi za wawindaji ikatoka na jasho. Fungu moja litazame huku mengine yakisubiri chini kidogo, kimya. Marufuku ya kumwaga maji ukutani ili rangi ing'ae kwenye picha itangazwe mapema, kwa sauti, na kila mtu aitikie. Desturi hiyo imeharibu michoro mingi, kwa kuwa maji hubeba chumvi na vumbi ambavyo hukauka juu ya rangi na kuacha utando mweupe. Mwanga wa kamera nao uzimwe, mkaa na chaki zibaki nyumbani. Badala ya simu, napendekeza kwa dhati kila fungu liwe na darubini moja ndogo: ukisimama hatua nne nyuma na darubini utaona mistari ya nywele na vidole ambayo kamera ya simu haiwezi kukuonyesha.

Mtakapofika, msianze kuongea. Macho yaliyotoka juani yanahitaji dakika kadhaa kuzoea kivuli. Aliyeona madoa atakapoanza kuona miguu, kisha kiuno, kisha mtu mzima aliyesimama, mwachie muda huo wake mwenyewe. Maelezo ya mwongozaji yafuate baadaye. Mimi huomba fungu litafute kwanza mnyama mmoja kabla ya kuelezwa chochote.

Kumbukeni pia kwamba Mungomi ni mahali pa ibada. Wenyeji, wengi wao Warangi, bado hupanda huko kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Mkikuta dalili za tambiko msizishike wala msizipige picha, na mkikuta watu, mwongozaji ndiye atakayesema kama msubiri au mrudi. Mtaona pengine mashimo yaliyochimbwa karibu na miamba na watu wanaoamini kwamba Wajerumani walificha mali huko. Wachimbaji hao wamevuruga tabaka za udongo ambazo wanaakiolojia wangezisoma, na hasara hiyo hairekebishiki. Kwa sababu hiyo lile chepe la gari libaki chini garini, lisipandishwe mlimani kwa kisingizio chochote.

Hatua ya saba: Kushuka

Hesabu watu mara tatu: kabla ya kuondoka kwenye kibanda cha mwisho, kabla ya gari kuwashwa, na Kolo. Mteremko huumiza magoti kuliko kupanda, hivyo kila mzee apate fimbo na mtu wa kutangulia mbele yake, si wa kumfuata nyuma. Vibanda vya Pahi au vya kwingine viachwe kwa siku inayofuata kama mna siku hiyo. Kabla ya kuachana na madereva, waulize mbele ya kundi ni kivuko gani kilikuwa laini na kipi kiliwapa shida, uandike na tarehe, na umpelekee karatasi hiyo kiongozi wa kundi litakalofuata kutoka Tabora kabla hajakodi gari.