Namna ya kuuchangamsha mwili kidogo kidogo bila gym wala ratiba, hapa hapa Dar

Wengi wetu mjini hapa siku nzima ni kukaa. Unakaa kwenye daladala, ukifika ofisini unakaa, saa saba chakula unaletewa hapo hapo mezani, jioni foleni tena, afu nyumbani ni kochi na simu. Sasa mtu akiambiwa afanye mazoezi anawaza gym, raba mpya na kuamka alfajiri, anaahirisha mpaka mwaka unaisha. Mi nasema hayo yaweke pembeni kwanza, tafuta upenyo wa kujongea ndani ya siku yako hiyo hiyo.

Na sio kujifariji jamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli za wastani, zile unazohema kidogo ila bado unaweza kuongea. Zamani walisema lazima ziwe angalau dakika 10 mfululizo ndo zihesabike, hicho kigezo wamekitoa, kwa hiyo hata dakika 2 za kupanda ngazi zimo kwenye hesabu.

Anza na usafiri mana ndo unakula muda wetu. Kama unapanda mwendokasi na unashukia Posta ya Zamani, shukia Kisutu umalizie kwa mguu. Wa daladala shuka kituo kimoja kabla, hasa pale gari limesimama kwenye foleni na unaona kabisa wanaotembea wanakupita. Bajaji ya kwenda dukani tu hapo mtaani achana nayo, kama huna mzigo tembea.

Kazini, simu ikiita inuka, ongea huku unatembea kwenye korido. Maji chukua glasi moja moja badala ya kujaza chupa kubwa, ili uinuke tena na tena. Misuli ya mashavu ya miguu, ile ya nyuma chini ya goti, ikifanya kazi inasukuma damu irudi juu kwenye moyo, ndo mana ukikaa muda mrefu miguu inajaa. Na ukishakula zunguka kidogo hata nje ya jengo, misuli ikijongea inatumia ile sukari ya chakula.

Ila nyumbani ndo kuna utajiri wenyewe. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kukunja nguo, vyote fanyia chini kwenye mkeka. Chini huwezi kukaa mkao mmoja, mara unyooshe miguu, mara uikunje, mara uegemee mkono, nyonga na mgongo vinafanya kazi bila hata wewe kujua. Na kuinuka kwenyewe ni zoezi tosha: piga goti moja, mguu mwingine ukanyage mbele, kiganja juu ya paja, sukuma taratibu mpaka usimame. Utayasikia mapaja. Ukiwa na kitu imara cha kushika karibu mwanzoni sio vibaya, baadae utakuta hukihitaji. Kufagia uwanja, kupiga deki, kukuna nazi kwenye mbuzi, usimwachie dada kila kitu.

Joto la Dar liheshimu, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, matembezi yawe kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni. Wikiendi kuna Coco Beach, kuna Daraja la Tanzanite, lina njia ya waenda kwa miguu na urefu wake ni kama kilomita moja, hamna haja ya kukimbia wala kupima muda, mkichoka mnasimama.

Mwenye maumivu ya kifua, au magoti yamevimba, au anatumia insulini, aongee na daktari wake kwanza. Wengine watoto wakiwa wanacheza rede uani ingieni nao, hata kama kazi yako ni kurusha mpira na kuufata ukipotea.